Maji Yakifanywa Punje, Umeme Wake Unakwenda Wapi?

Mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa fizikia, kemia na baiolojia, mabibi na mabwana, hamjambo.

Tuanze na chumvi ya mezani. Ioni ya sodiamu na ioni ya kloraidi zikigusana, vitovu vyake viko umbali wa nanomita 0.28 hivi. Pasipo na kitu kingine karibu, zinavutana kwa nishati ya kilojuli 496 kwa moli. Hesabu yake ni 138.9, kigezo cha nguvu ya umeme kwa vipimo hivi, gawanya kwa 0.28, basi. Sasa zitie kwenye maji ya joto la kawaida na uigawe nishati hiyo kwa 78: inabaki kilojuli 6 na ushei. Mtikisiko wa joto peke yake una kilojuli 2.5. Haya ni makadirio ya haraka, maana kwa umbali mfupi hivyo maji hayana hata nafasi ya kuingia katikati. Hata hivyo yanaonyesha kwa nini chumvi huyeyuka kwenye maji na kugoma kwenye mafuta ya kupikia, ambayo mgawo wake ni kama 3 tu.

Hiyo 78 ndiyo namba ya dielektriki ya maji kwenye nyuzi 25 za selsiasi. Hutaikuta ndani ya molekuli moja ya maji hata uichunguze vipi. Inazaliwa na molekuli nyingi zinazogeuka pamoja: kila moja ina upande hasi wa oksijeni na upande chanya wa haidrojeni, na chaji ikitokea karibu zinageuka kuikabili na kuizingira, hata aliye mbali akaiona imefifia. Swali letu leo ni hili. Tunapoyaiga maji kwenye kompyuta kwa punje kubwa, kila moja ikisimama badala ya molekuli nzima au kadhaa, tukafuta oksijeni na haidrojeni zote, kazi hiyo ya kufifisha chaji anaifanya nani? Kuna njia mbili. Ama tunaiandika kama namba kwenye faili la vigezo, ama tunaiweka ndani ya punje zenyewe. Makosa mengi yanayoharibu kazi za namna hii hutokana na kuifanya mara mbili, au kutoifanya kabisa, bila mwenye kazi kujua.

Kwanza, kwa nini tufute atomi? Kwa sababu maji ndiyo yanayokula muda wa kompyuta. Chukua sanduku la nanomita 10 kila upande. Linabeba molekuli 33,400 za maji, yaani atomi laki moja na zaidi, na hatua ya muda, yaani mruko kati ya hesabu moja na inayofuata, haiwezi kuzidi femtosekunde 2 hivi. Ukiweka ndani yake utando wa seli au protini, kitu unachokichunguza kinakuwa wageni wachache katikati ya umati wa maji unaojihesabu wenyewe kwa wenyewe. Na hata kwa gharama hiyo, modeli za atomi kwa atomi hazikubaliani juu ya ile 78. SPC/E, iliyotolewa mwaka 1987 na Berendsen na wenzake, inaipa oksijeni chaji ya −0.8476 na kila haidrojeni +0.4238, na namba yake ya dielektriki inatoka karibu 71. TIP3P inapita 90. TIP4P/2005, ambayo kwa mambo mengi mengine ndiyo bora kuliko zote tatu, haifiki 60. Kwa hiyo tunapozikosoa punje tusijifanye kwamba upande wa pili wamefika.

Modeli ya punje inayotumika sana ni Martini, ya kundi la Siewert-Jan Marrink wa Groningen, Uholanzi, mji uleule ilikozaliwa GROMACS, programu ya kuendeshea maigizo haya. Toleo lake la 2007 linafunga molekuli nne za maji kuwa punje moja yenye uzito wa 72. Punje hiyo haina chaji. Inavutana na mwenzake kwa nguvu ya Lennard-Jones peke yake, yaani mvuto wa masafa mafupi unaogeuka msukumo punje zikikaribiana mno: kina cha kilojuli 5.0 kwa moli, upana wa nanomita 0.47. Sanduku letu la atomi laki moja linakuwa punje 8,350, na hatua ya muda inapanda hadi femtosekunde 20 au 30.

Maji yasiyo na chaji hayawezi kugeuka. Kwa hiyo kazi ya kufifisha imeandikwa kwenye faili kwa mstari mmoja: epsilon_r = 15. Maana yake ni kwamba kila jozi ya chaji popote ndani ya sanduku, iwe majini, ndani ya utando au kwenye tumbo la protini, nguvu yake inagawanywa kwa 15. Watu huuliza mbona si 78. Kumi na tano ni namba ya mapatano. Ingewekwa 78, chaji zilizozama kwenye mafuta ya utando zingekuwa kama hazipo. Ingewekwa 2, ioni zote majini zingegandamana. Isitoshe, ioni ya Martini 2 ni punje ya upana uleule wa 0.47, inayobeba ndani yake maji yanayoizunguka, kwa hiyo ioni mbili hazikaribiani kama sodiamu na kloraidi halisi. Kwa umbali wa nanomita 0.5, mgawo wa 15 unaacha mvuto wa kilojuli 18.5 kwa moli. Ni mwingi kuliko wa kweli, lakini mfumo unaendeshwa bila kusambaratika.

Mapatano haya yanafaa kwa mambo mengi: jinsi lipidi zinavyojikusanya kuwa utando, jinsi protini zinavyopangana, jinsi vilengelenge vinavyoungana. Ila kuna sehemu tatu yanapovunjika, na ni vizuri kuzijua kabla ya kupoteza wiki mbili za kompyuta.

Ya kwanza ni chaji inayopita kutoka majini kuingia kwenye mafuta. Mwanafizikia Max Born alituachia fomula ya gharama hiyo: 69.5 gawanya kwa nusu kipenyo cha ioni kwa nanomita, kisha zidisha kwa tofauti ya kinyume cha namba mbili za dielektriki. Tuchukue nusu kipenyo cha 0.235, ambacho ni nusu ya upana wa punje. Kutoka 78 kwenda 2 unapata kilojuli 144 kwa moli, na ndiyo sababu ioni haivuki utando bila mlango. Katika dunia ya 15 kila mahali, tofauti ni sifuri. Gharama yote ya kuvuka inabaki mikononi mwa Lennard-Jones, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ya pili inawashangaza hata wazoefu, nayo ni joto. Namba ya dielektriki ya maji halisi hushuka joto linapopanda: karibu 88 kwenye nyuzi 0, 78 kwenye 25, na 56 hivi kwenye 100. Inashuka upesi kuliko joto linavyopanda, kwa hiyo umbali wa Bjerrum, yaani ule ambao mvuto wa chaji mbili unalingana na mtikisiko wa joto, unarefuka kidogo: kutoka nanomita 0.70 kwenye nyuzi 0 hadi 0.81 kwenye 100. Chaji kwenye maji ya moto zinaonana zaidi. Ukishikilia 15 kwa joto lolote, umbali huo unatoka 4.1 na kushuka hadi 3.0. Si kwamba ukubwa umekosewa tu. Hata mwelekeo umegeuzwa. Anayetaka kuchora grafu ya jinsi ioni zinavyoshikana kadiri joto linavyobadilika, kwa maji haya atachora mteremko mahali penye mlima.

Ya tatu ni uga wa umeme kutoka nje. Weka uga wa volti 0.1 kwa nanomita kwenye sanduku la urefu wa nanomita 10, na katikati utando wa nanomita 4. Kutoka chini hadi juu ni volti 1. Maji halisi yakijipanga yanaumaliza uga kwa upande wao, na karibu volti yote inaangukia utando, ambako uga unapanda hadi 0.25. Ndipo utando unapotoboka. Maji ya punje zisizo na chaji hayajipangi. Yanauacha uga upite kama hayauoni, na kama hakuna ioni za kusogea, utando unabaki na ile 0.1 yake. Mwanafunzi ataongeza uga, ataongeza tena, halafu ataandika kwamba utando wake ni imara sana.

Jibu la matatizo haya lilitoka 2010, kwa Yesylevskyy, Schäfer, Sengupta na Marrink. Punje ileile moja inakuwa na sehemu tatu: kitovu W, na vijichaji viwili, WP wenye +0.46 na WM wenye −0.46. Kila sehemu ina uzito wa 24. Vijichaji vimefungwa kwenye kitovu kwa umbali usiobadilika wa nanomita 0.14, na pembe kati yao inavutwa kuelekea sifuri kwa ugumu mdogo wa 4.2. Vyenyewe havina Lennard-Jones. Anayesukuma na kuvuta ni W peke yake. Na ndani ya punje moja WP na WM havionani, vinginevyo vingeshikana moja kwa moja.

Hebu tuitazame punje hii kwa karibu. Pembe ikiwa sifuri, vijichaji vimelaliana na dipoli, yaani chaji mara umbali unaovitenganisha, ni sifuri. Pembe ikifika nyuzi 60, umbali kati yao ni nanomita 0.14, na dipoli ni 3.1 kwa kipimo chake kiitwacho Debye. Ikifunguka yote, nyuzi 180, umbali ni 0.28 na dipoli inafika 6.2, ambao ndio mwisho wake. Molekuli moja ya maji kwenye mvuke ina Debye 1.85. Kwa hiyo punje hii, ambayo ni molekuli nne, ina uwezo wa kuwa kimya kabisa ikiwa imezungukwa na mafuta, na kuamka ikikaribia chaji. SPC/E haina uwezo huo, maana dipoli yake haibadiliki, ni kugeuka tu. Hapa punje kubwa imewazidi wakubwa zake kwa jambo moja, japo kwa ujanja wa bei rahisi.

Mstari wa faili sasa unasomeka epsilon_r = 2.5. Mbili na nusu inabaki kuwakilisha mafuta na ile sehemu ya mwitiko ambayo punje haziwezi kuibeba, na maji yenyewe yanajaza pengo hadi kufikia 75 au 76. Rudia hesabu ya Born, kutoka 75 kwenda 2.5: unapata kilojuli 114. Si 144, lakini si sifuri. Kina cha mvuto kati ya W na W kilipunguzwa hadi 4.0, kwa sababu sasa sehemu ya mshikamano inaletwa na chaji. Na kwa maji haya waandishi hao walionyesha utando ukitobolewa na uga, na pia ukitobolewa na ioni zilizorundikwa upande mmoja.

Sasa tuje kwenye makosa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchukua maji yenye dipoli na kuacha 15 kwenye faili la vigezo, kwa sababu faili lilinakiliwa kutoka kazi ya zamani. Mwitiko unahesabiwa mara mbili. Nguvu kati ya dipoli na dipoli inakuwa moja ya sita ya inavyotakiwa, kila punje inajizungukia kivyake, na kwa kuwa kina cha W kilishapunguzwa hadi 4.0, maji yanakosa mshikamano yaliyokusudiwa kuupata kwenye chaji. Densiti itakwambia: hailingani na iliyochapishwa. Kosa la kinyume chake ni maji yasiyo na chaji pamoja na 2.5. Hapo hakuna anayefifisha kitu. Mvuto wa ioni mbili kwa nanomita 0.5 unakuwa kilojuli 111, na chumvi inajikusanya kuwa vibonge ndani ya muda mfupi sana. Hilo angalau unaliona kwa macho. Lile la kwanza halionekani, ndiyo maana tunaliogopa zaidi.

Kosa linalofuata ni kuchanganya matoleo. Maji ya 2010 yalipimwa pamoja na lipidi za Martini 2, na protini zake baadaye zikapewa toleo lenye chaji kwenye minyororo ya pembeni. Martini 3, iliyochapishwa 2021, ilikuja na punje ya maji isiyo na chaji, yenye aina yake peke yake ya W, na inarudi kwenye 15. Ina pia punje ndogo za maji, za molekuli tatu na za molekuli mbili. Usichukue maji ya nyumba moja ukayatia kwenye lipidi za nyumba nyingine kwa sababu majina yanafanana; GROMACS haitalalamika, itaendesha tu.

Kuganda nako kuna sura mbili. Maji ya zamani yasiyo na chaji yanaweza kuganda karibu na kelvini 290, yaani nyuzi 17, hasa kwenye sanduku dogo, karibu na ukuta bapa, au juu ya utando uliojipanga sana. Dawa iliyozoeleka ni kubadilisha punje moja kati ya kumi kuwa punje ya kuzuia kuganda, ambayo inaonana na maji kwa upana wa 0.57 badala ya 0.47 na hivyo kuvuruga mpangilio. Maji yenye dipoli yanagandia chini zaidi, karibu kelvini 282, na hayakutengenezwa yatumike pamoja na dawa hiyo. Tumeona mafaili ambamo dawa imeachwa humo bila sababu. Itoe.

Kuna pia tatizo la kuanza. Watu wengi huandaa sanduku kwa maji ya kawaida, halafu wanaongeza WP na WM kwa programu ndogo ya kubadilisha. Ikiwa programu hiyo inaweka vijichaji vyote kwa mwelekeo mmoja, sanduku zima linaanza na dipoli kubwa mno, na hatua za kwanza zinalipuka. Ikiwa inaviweka kwa nasibu, kuna uwezekano WP wa punje moja ukaangukia karibu mno na WM wa jirani. Kumbuka vijichaji havina Lennard-Jones ya kuvitenganisha. Kinga yao ni W tu. Vikikaribiana, nguvu inapanda bila kikomo na programu inakufa ikisema vifungo vimezunguka kupita kiasi. Njia inayofanya kazi ni hii: kwanza tafuta nishati ndogo huku yale mafungo ya 0.14 yakiwa yamebadilishwa kuwa springi ngumu. Kisha endesha kwa femtosekunde 2 hadi 5 kwa muda mfupi, ujazo ukiwa umefungwa. Halafu rudisha mafungo, panda hadi femtosekunde 20, ndipo ufungue kanieneo. Usiruke moja kwa moja kwenye 30, ingawa maji ya kawaida yanaikubali. Vijichaji vina uzito wa 24 na vinazunguka upesi.

Umbali wa kukatia chaji nao unahitaji uamuzi. Mpangilio wa kawaida wa Martini ni kukata kwenye nanomita 1.1 na kuchukulia kilicho nje kuwa kama kondakta. Ni haraka, na kwa utando usio na chaji nyingi inatosha. Lakini fikiria mtu anayerundika ioni upande mmoja wa utando ili aone volti. Utando una nanomita 4. Ioni za upande huu haziwezi kuziona za upande wa pili, maana hesabu imekatwa kwenye 1.1. Volti anayoitafuta haipo kwenye hesabu yake. Kwa kazi ya uga au ya ioni zisizolingana, tumia njia ya Ewald inayohesabu hadi mbali, iitwayo PME, na ulipe gharama yake.

Kwa vyovyote, pima mwenyewe. Tengeneza sanduku la maji matupu la nanomita 5, bila ioni hata moja, maana ioni zikisogea zinavuruga dipoli ya sanduku na hesabu inakosa maana. Litatoka na punje 1,045 hivi. Endesha kwa PME. Jumlisha dipoli zote kila baada ya muda mfupi, upate M ya sanduku, kisha mtawanyiko wake. Namba ya dielektriki ni ile ya kwenye faili, yaani 2.5, kujumlisha mtawanyiko wa M gawanya kwa mara tatu ya ε₀ (kigezo cha umeme cha ombwe) mara ujazo mara kT (ule mtikisiko wa joto). Ukifanya kwa GROMACS, amri ya gmx dipoles inaanza na 1 badala ya 2.5, kwa hiyo ongeza 1.5 kwa mkono wako. Ipe halijoto uliyotumia. Usipoitaja, inachukulia kelvini 300. Na grafu yake ya mgawanyo wa dipoli inakomea Debye 5 usipoirefusha, wakati punje zetu zinafika 6.2.

Unatarajia kuona nini? Kwa sanduku hilo, ili namba iwe 75, M inapaswa kuwa na ukubwa wa kawaida wa Debye 300 hivi. Linganisha na 6,480, ambayo ingepatikana kama punje zote zingefunguka na kutazama upande mmoja. Asilimia 5 tu ya upeo huo, inayokuja na kuondoka, ndiyo inayotengeneza namba yote. Ndiyo maana inachelewa kutulia. Kosa la kipimo linategemea idadi ya sampuli zisizohusiana: ukiwa na 100 ni kama asilimia 8, ukiwa na 1,000 linashuka chini ya 3. Sampuli hazihesabiwi kwa idadi ya fremu ulizohifadhi. Pima kwanza M inachukua muda gani kujisahau, zidisha mara mbili, na ugawe urefu wa mwendo wako kwa muda huo. Angalia pia wastani wa M kwa x, y na z uwe karibu na sifuri, na mitawanyiko mitatu ilingane. Ikipishana sana, hujaendesha vya kutosha, au maji yako yameganda na hujayatazama.

Martini si mlango pekee. Kundi la Montevideo, Uruguay, lilitoa 2010 maji yaitwayo WT4: punje nne zenye chaji zilizounganishwa kama piramidi, zikiwakilisha molekuli 11 hivi, na yanafifisha chaji yenyewe bila namba ya kwenye faili. Kuna mW ya Molinero na Moore ya 2009: punje moja kwa molekuli moja, bila haidrojeni, bila chaji hata chembe. Ina nguvu ya masafa mafupi tu inayowabembeleza majirani wanne wakae kwenye ncha za piramidi ya nyuso nne, na barafu yake inayeyuka kelvini 274, kwa usahihi ambao SPC/E na TIP3P hazikaribii. Kwa barafu na mawingu tungeichagua bila kusita. Kwa ioni, haina la kukwambia.

Bado kuna jambo moja ambalo maji yenye WP na WM hayaliwezi, nalo linasahaulika kwa urahisi. Vijichaji vyake viwili ni sawasawa, chaji ileile, umbali uleule. Geuza ishara zote na hakuna kitakachobadilika. Maji halisi si hivyo: haidrojeni iko karibu na uso wa molekuli, oksijeni imekaa katikati, na ioni hasi na ioni chanya za ukubwa mmoja hazipokelewi kwa namna moja. Kwenye mpaka wa maji na utando, upendeleo huo unachangia volti ya dipoli ya utando, ambayo ndani ya utando halisi ni chanya. Punje yenye ulinganifu haiwezi kuutoa mchango huo wa maji. Wu, Cui na Yethiraj waliliona mapema. Mwaka huohuo wa 2010 walitoa maji yao yaitwayo BMW, yenye vituo vitatu vya chaji visivyolingana, ili kubeba sura ya umeme ya kundi la molekuli nne na si dipoli peke yake. Kwa hiyo swali lako likiwa ni kwa nini peptidi yenye chaji chanya inajibandika na ile yenye chaji hasi haijibandiki, usilitegemee jibu la WP na WM peke yake. Chukua kipande kidogo cha mfumo uleule, kiendeshe kwa atomi zote, na uchore nishati ya kukaribia utando kwa mifumo yote miwili kwenye grafu moja.

Na msisahau, mkitia chumvi, kwamba punje moja ni molekuli nne. Punje 10,000 ni molekuli 40,000, na chumvi ya 0.15 molari inataka jozi 108 za ioni. Ukizihesabu punje kama molekuli utatia 27, ambayo ni robo ya chumvi uliyoiandika kwenye ripoti.

Tunakaribisha maswali.